Jirani Yako wa Bwenini Ametoka China: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Azoee Ughaibuni

Saa nne za usiku, mwezi wa Januari, nilimkuta jikoni binti mmoja wa Chengdu, China, akisubiri birika lichemke. Nikamsalimu kama tunavyosalimiana kwetu, si ile salamu ya kupita: umeshindaje, umekula, masomo yanaendaje. Akajibu, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba tangu Jumamosi hajaongea na mtu ana kwa ana. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kati ya mlango wake na wangu palikuwa na vyumba viwili tu.

Nilikuwa msaidizi wa bweni katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Kazi yangu ilikuwa kuwaangalia wanafunzi wenzangu, na siku nne zilipita bila mimi kujua. Mwongozo huu umetokana na usiku ule na miaka mitatu iliyofuata. Nawaandikia wenzangu tunaosema Kiswahili mlioko vyuoni ughaibuni, au mnaofunga mizigo kwenda, maana mtawakuta. Marekani peke yake iliwahi kuwa na wanafunzi Wachina zaidi ya 370,000 katika mwaka wa masomo wa 2019/20, na hata baada ya idadi kushuka walikuwa kama 277,000 mwaka wa 2023/24. Uingereza wako karibu 150,000. Mtagawana nao jiko, mtapangwa nao kwenye kazi za kikundi, na mtasikia watu wakisema "Wachina wanajitenga, wanaringa." Mimi nasema hapana. Mengi yaliyokuwa yamembeba yule mtu yameondolewa kwa siku moja, na wewe jirani unaweza kurudisha baadhi yake.

Kabla ya yote: jua alichoacha nyuma

Chuoni kwao, mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida hulala chumba kimoja na wenzake, wakawa wanne, sita, pengine wanane. Mabweni mengi huzima taa saa tano za usiku. Wanaamka pamoja, wanachota maji ya moto pamoja, wanakula bwaloni pamoja. Darasa lake lina watu walewale miaka yote minne, na lina mlezi wake: mtu asipoonekana, mlezi huyo ndiye anayeulizwa.

Halafu anashuka Manchester au Chicago, anapewa kadi ya kufungulia mlango, na ndani anakuta chumba cha mtu mmoja, kitanda kimoja, choo chake mwenyewe. Wazazi wakiona picha wanafurahi. Yeye usiku wa kwanza analala kwenye ukimya ambao hajawahi kuusikia maishani. Hakuna mlezi wa darasa. Asipohudhuria kipindi, anatumiwa barua pepe iliyoandikwa na kompyuta.

Ongeza na hili: sera ya mtoto mmoja ilifutwa mwanzoni mwa 2016, kwa hiyo wengi walioko vyuoni leo wamezaliwa peke yao. Nyuma ya kijana mmoja kuna baba, mama na pengine babu na bibi wa pande zote mbili, wote macho kwake, na ada imetoka kwenye akiba ya nyumba nzima. Anapofeli somo, anajiona kama aliyewaangusha wote hao.

Hawa si wa kwanza kupita njia hii. Mwaka 1854 Yung Wing alikuwa Mchina wa kwanza kuhitimu Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na yeye ndiye aliyepigania mpango ulioanza mwaka 1872 wa kuwapeleka wavulana 120 Hartford, Connecticut. Hawakuwekwa bwenini. Waligawanywa wachache wachache katika nyumba za familia za huko, wakala mezani na wenyeji, wakacheza besiboli. Walizoea kiasi kwamba watawala wao waliogopa na kuwarudisha mwaka 1881. Mmoja wao, Zhan Tianyou, baadaye alisimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika mwaka 1909. Mimi nikisoma habari zao jicho langu hukwama kwenye ile meza ya chakula. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinapita jikoni.

Neno moja la tahadhari: hawafanani wote. Kijana wa Shanghai aliyesoma shule ya kimataifa anaweza kuijua London kuliko wewe, na wa mji mdogo wa Gansu akawa hajawahi kupanda ndege. Muulize kwanza, usimkadirie.

Hatua ya 1: Lishike jina lake, siku ya kwanza

Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia. Zhang Wei ni Wei wa ukoo wa Zhang. Wengi hujipa jina la Kiingereza ili kuwapunguzia watu taabu, na kama ndilo analotaka, mwite hilo. Lakini muulize: "Nyumbani wanakuitaje?" Nimeona nyuso zikibadilika kwa swali hilo tu.

Sisi tuna bahati, kwa sababu sauti nyingi tunazo tayari. Zh isome kama j yetu, q kama ch, x karibu na sh, c kama ts. Na ile ng ya mwishoni ni ng' ya ng'ombe. Basi Zhang ni Jang', Qin ni Chin, Cai ni Tsai. Panda-shuka ya sauti mwachie yeye akufundishe. Hiyo nayo ni mazungumzo ya dakika kumi.

Kuna jingine linalotuunganisha. Katika kusema, Kichina kina neno moja, ta, kwa mwanamume na mwanamke, kama "yeye" yetu. Ndiyo maana mwenzako akizungumza Kiingereza anamwita mama yake kwa kiwakilishi cha kiume, kosa lilelile tunalolifanya sisi. Mwambie kwamba na sisi hutuponyoka. Atacheka, na hofu ya Kiingereza itapungua kidogo.

Hatua ya 2: Simu, ndani ya siku tatu

Watu wengi huliruka hili, na hapa ndipo upweke unapoanzia. Kule China simu ya mtu inaishi ndani ya WeChat: humo anaongea, analipa, ananunua tiketi ya treni, anapanga miadi ya hospitali. WhatsApp, Google, YouTube, Facebook na Instagram zimefungwa huko. Sasa fikiria wiki ya kwanza chuoni: kundi la korido liko WhatsApp, la kozi WhatsApp, matangazo ya sherehe Instagram. Hajaalikwa, na wewe unadhani amekataa kuja.

Fanyeni hivi, mkiwa mmekaa pamoja:

Tafuteni laini ya hapo, kisha afungue WhatsApp kwa namba hiyo mpya. Mwingize kwenye makundi mwenyewe, na mtambulishe kwa jina.

Mkumbushe asiitupe laini yake ya China. Benki za kwao hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo. Ikifa, pesa zake anaziona na kuzishika hawezi.

Nawe fungua WeChat. Mara nyingi akaunti mpya hudai kuthibitishwa na mtu aliye ndani tayari, kwa kuskani msimbo. Mwombe yeye akuthibitishe. Hapo naye anakuwa amekusaidia wewe, na urafiki wa kusaidiana hudumu kuliko wa kusaidiwa tu.

Hatua ya 3: Jiko

Anza na maji. Wachina wengi hunywa maji ya moto, matupu, asubuhi hadi usiku, na maji ya baridi kwao ni kujiletea tumbo. Kama birika la pamoja limeharibika, mwenzako hana cha kunywa, hata kama bomba linatoa maji salama. Ripoti birika kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu chakula. Mkate mkavu na kachumbari baridi mchana, kwa mtu aliyezoea chakula cha moto saa sita kamili, ni adhabu. Wengi hununua sufuria ya umeme ya kupikia wali wiki ya kwanza, na hapo sisi tunaelewana vizuri kuliko wengine wote kwenye korido. Pika wali wa nazi, gonga mlango, sema umepika mwingi. Akikataa, usiondoke. Kwao, kama kwetu pwani, kukataa mara ya kwanza ni adabu. Mkaribishe mara ya pili, na ya tatu. Mwingereza akiambiwa "hapana, asante" anaondoka na sahani yake, na mtu anabaki na njaa aliyoikataa kwa heshima.

Kwa Waislamu wenzangu: Mchina akisema "nyama" bila kutaja ya nini, mara nyingi ni nguruwe. Jifunzeni neno qingzhen, yaani halali, litamke "ching'-jen". Wanalijua vizuri, maana kwao kuna mamilioni ya Waislamu wa kabila la Hui, na tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou ni mapishi ya hao. Ukieleza kwa neno hilo hakuna anayeudhika, na mara nyingi mwenzako atatenga sufuria.

Kengele ya moto nayo muelezeni mapema. Kukaanga kwa moto mkali na mafuta yanayofuka ndiyo mapishi yao, na kengele za mabweni ya Uingereza hazina huruma. Mwonyeshe feni ya kuvuta moshi na dirisha, na umwambie kwamba mlango wa jiko ubaki umefungwa. Nimeshasimama nje kwenye baridi saa sita za usiku na watu themanini wakimtazama kijana mmoja wa Hunan aliyevaa ndala. Wiki mbili hakupika. Alikula biskuti.

Hatua ya 4: Kiingereza na semina

Kozi nyingi humtaka awe na alama 6.5 kati ya 9 za IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza. Alama hizo amezipata kwenye chumba cha mtihani, kwa sauti safi za kwenye spika. Hakuna aliyempima kwa lafudhi ya dereva wa basi wa Liverpool. Sisi tunajua: Kiingereza cha shule na Kiingereza cha dirisha la duka ni vitu viwili.

Darasani shida ni ya namna nyingine. Amelelewa na mtihani wa gaokao, ule wa kila mwaka kuanzia tarehe 7 Juni, ambao siku mbili tatu huamua chuo na maisha. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani huo husikiliza, huandika, hukariri, hufanya mazoezi, na swali huenda kumwuliza mwalimu baada ya kipindi. Sasa anawekwa kwenye duara la watu kumi na tano na kuambiwa "toa maoni yako." Wakati anaipanga sentensi kichwani, wengine wamesharukia hoja ya tatu. Baada ya wiki tano ameandikwa kuwa hana la kusema.

Kama wewe ni mwanafunzi mwenzake, kaa karibu naye na umwulize kwa sauti ya chini: "Wewe unaonaje?" Akikujibu wewe, sema mbele ya wote: "Hapa kuna hoja nzuri, tumsikilize." Kama unafundisha semina, na najua baadhi yenu mnafundisha, tuma swali jana yake. Mpe kila mtu dakika mbili za kuandika kabla ya kuongea. Usisahihishe sarufi yake mbele za watu. Wachina wana neno mianzi, uso wa mtu mbele ya wengine. Sisi tungesema heshima na haya kwa pamoja. Ukimvunjia mbele ya darasa, hutamsikia tena hadi Juni.

Kwenye kazi za kikundi msiache watu wachaguane. Wachina watabaki wenyewe kwa wenyewe, halafu watalaumiwa kwa kubaki wenyewe. Andikeni mgawanyo wa kazi baada ya kila kikao na muutume kwenye kundi. Anayesoma vizuri kuliko anavyosikia ataushika mara moja. Na umwonyeshe mapema namna ya kutaja vyanzo, kwa mfano halisi wa ukurasa mmoja. Wengi wa niliowaona wakiitwa mbele ya kamati kwa wizi wa maandishi hawakukusudia kuiba. Walikuwa wamenakili maneno ya wakubwa wa fani yao wakiamini wanawapa heshima, na hakuna aliyekuwa amewaonyesha mstari uko wapi.

Hatua ya 5: Daktari, kabla hajaugua

Kwao ukiumwa unakwenda moja kwa moja hospitali kubwa, unamwona bingwa siku hiyohiyo, na mara nyingi unatoka umeshawekewa dripu. Uingereza ni lazima ujisajili kwanza na zahanati ya mtaani, usubiri miadi, na unaweza kuambiwa ukanywe maji na panado. Anaona amedharauliwa, na kumbe ameshalipa: mwombaji wa viza ya mwanafunzi hutozwa pauni 776 kwa mwaka kwa ajili ya huduma za afya. Mpeleke akajisajili wiki ya kwanza, akiwa mzima. Mweleze namba 111 kwa ushauri na 999 kwa dharura. Inatosha.

Hatua ya 6: Simu ya "polisi"

Naomba usome hapa polepole.

Mwenzako anapigiwa simu, sauti ya Kimandarini inamwambia kuna kifurushi chenye jina lake kimekamatwa kikiwa na pasipoti bandia ndani. Anaunganishwa na "afisa wa polisi wa Shanghai" mwenye sare, kwenye video, anayejua jina lake kamili na namba ya pasipoti. Anaonyeshwa hati ya kukamatwa yenye picha yake. Anaamriwa asimwambie mtu, maana kesi ni siri ya serikali. Anatakiwa alipe dhamana. Fedha zikiisha, anaamriwa ajifiche na ajipige picha kama aliyetekwa, na picha zinatumwa kwa wazazi. Desemba 2023 huko Utah, Marekani, mwanafunzi wa miaka 17 alikutwa peke yake kwenye hema milimani, kwenye baridi ya kuua. Wazazi wake walikuwa wameshatuma kama dola 80,000.

Usiseme "mimi nisingedanganyika." Wanaopigiwa wako peke yao, wanaogopa serikali mbili kwa wakati mmoja, na wamefundishwa kutii. Dalili ni hizi: ghafla hatoki chumbani, yuko kwenye simu saa nzima mfululizo, anakopa fedha bila maelezo, anakuambia "siwezi kusema." Ukiziona, fanya hivi:

Gonga mlango, ingia, kaa naye. Mwandikie kwenye karatasi, maana wale wanasikiliza: "Huu ni utapeli. Kata simu."

Akate. Polisi wa kweli, wa China au wa kokote, hawadai fedha kwa simu, wala ubalozi haufanyi hivyo.

Mpigie mzazi wake kwa njia anayoijua, asikie sauti ya mwanawe.

Pigeni benki mara moja, kisha polisi, mkimhusisha na mlinzi au ofisi ya bweni.

Mwonye pia juu ya watu wa kwenye makundi wanaobadilisha yuan kwa pauni kwa bei nzuri. Raia wa China ana kikomo cha kubadilisha fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 kwa mwaka, na soko la pembeni limezaliwa hapo. Fedha zinazoingia zinaweza kuwa za wizi, na akaunti inayofungwa ni ya mwanafunzi.

Hatua ya 7: Baridi, saa na sikukuu

Uingereza iko nyuma ya China kwa saa nane wakati wa baridi. Mwenzako akitoka kipindini saa kumi na moja jioni, kwao ni saa saba za usiku. Saa ambayo mtu anamhitaji mama ndiyo saa ambayo mama amelala. Sisi tofauti yetu na nyumbani ni saa tatu tu, na bado tunalia. Na akimpata, hasemi. Wana msemo wa kuripoti heri na kuficha shari, na nani kati yetu hajawahi kumwambia mama "sijambo, nakula vizuri" huku anafuta machozi?

Mwaka mpya wao hufuata mwezi: 2026 uliangukia tarehe 17 Februari, na 2027 utakuwa tarehe 6 Februari. Vipindi vinaendelea kama kawaida, kama sisi tunavyofanya mtihani siku ya Idi. Mkesha wake televisheni ya taifa huonyesha tamasha kubwa, desturi tangu 1983, saa mbili za usiku Beijing, yaani saa sita mchana Uingereza. Omba jiko kwa mchana huo. Muwekeeni tamasha kwenye kompyuta na mtengeneze jiaozi, vitu kama sambusa ndogo za kuchemsha. Chukua kiduara chembamba cha unga wa ngano uliokandwa, weka katikati kijiko kimoja cha yai na majani ya vitunguu, loanisha ukingo kwa kidole, kunja, bana mikunjo upande mmoja tu hadi isimame kama mwezi mchanga. Zangu zilifunguka zote majini. Lakini uliza kwanza: kijana wa Guangdong anaweza kukuambia kwamba kwao siku hiyo si ya jiaozi, akakupikia kitu kingine kabisa.

Hatua ya 8: Ukiona mambo yamezidi

Watakuambia kichwa kinauma, tumbo halikubali, usingizi umekata. Ni wachache watakaosema "nina huzuni." Chukua mwili kama ndio unaosema. Uliza wazi, bila kuzunguka: "Umefikiria kujidhuru?" Swali hilo halimtii mtu wazo jipya, linampa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, hata kama ameomba usimwambie mtu. Piga 999 kama hatari iko sasa hivi. Kwa mazungumzo, Samaritans, shirika la Uingereza la kuwasikiliza walio kwenye dhiki, wapo saa zote kwa 116 123. Asubuhi nenda naye kwa mshauri wa chuo, na ukae nje ya mlango hadi atoke. Kumpa namba na kumwambia "wapigie" ndicho nilichokifanya mara ya kwanza, na hakupiga.

Hatua ya 9: Kuondoka

Shahada ya uzamili Uingereza mara nyingi ni mwaka mmoja, na huisha ndiyo kwanza mtu amezoea. Wanaorudi huitwa haigui, neno linalosikika sawa na la kasa, yule anayerudi ufukweni. Mwezi wa Agosti watakuwa wanatuma mizigo na kuacha vyombo koridoni. Mwambie asitupe sufuria ya wali. Iandike jina lake na simulizi fupi ya namna inavyowashwa, iweke stoo ya bweni, na Septemba mpe mgeni wa kwanza atakayefika. Ya binti wa Chengdu nilimkabidhi kijana wa Harbin aliyefika saa tisa za usiku na begi moja. Tuliiwasha palepale.